Mgeni analipa kwa dola, mwenyeji anahama: barua za wasomaji kuhusu nyumba Lubumbashi

Tangu tulipogusia kupanda kwa kodi za nyumba katika mtaa wa Golf, barua zimeendelea kufika, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, fedha za wageni ndizo zinazotutoa mjini? Tumechagua barua tano. Majina ya walioandika tumeyaacha, kwa sababu wengi wao bado wanaishi katika nyumba wanazozilalamikia.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu mwaka 2015 nimepanga nyumba ya vyumba vitatu Bel-Air, katika komuni ya Kampemba. Nilianza kwa dola 120 kwa mwezi na sasa ninalipa 200. Mwezi uliopita mwenye nyumba alinieleza kwamba kampuni moja ya wageni inataka kuichukua parseli nzima, yaani kiwanja chote, kwa ajili ya mafundi wake, na kwamba italipa mwaka mzima kwa mkupuo. Nimepewa wiki mbili niondoke. Kama nataka kubaki, nilipe dola 350 kwa mwezi na garanti mpya, yaani dhamana, ya miezi sita. Mshahara wangu ni wa faranga. Je, ana haki? Na je, kosa ni la mwenye nyumba au la hao wageni? — Mwalimu, Kampemba*

Mwalimu, nianze na hizo wiki mbili, maana ndizo zenye haraka. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayosimamia upangaji wa nyumba zisizo za biashara, haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji wa makazi kwa kumtajia siku tu. Pale ambapo mkataba hauna muda maalumu, kama ulivyo wako baada ya miaka yote hiyo, anapaswa kukupa notisi ya miezi mitatu, na notisi hiyo iwe ya maandishi. Kuhusu garanti, sheria hiyo hiyo inasema kwamba kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Kwa hiyo miezi sita anayoidai ni kinyume cha sheria, hata kama nusu ya mji huu inaitoa bila kuuliza. Garanti ya zamani uliyompa mwaka 2015 ingali mali yako, na anapaswa kukurudishia utakapotoka, akikata tu gharama ya uharibifu ulioufanya wewe. Dari lililooza kwa mvua za misimu kumi si uharibifu wako.

Usiende moja kwa moja mahakamani. Sheria inataka ugomvi wa upangaji upitie kwanza kwenye upatanisho katika ofisi ya makazi ya komuni, ile ambayo watu wengi huiita Habitat, na ukishindikana huko ndipo Mahakama ya Amani inapousikiliza. Nenda na risiti zako zote, pamoja na mkataba kama upo. Kama hukuwahi kupewa risiti, tafuta majirani wawili walioshuhudia ukilipa, na kuanzia mwezi huu usitoe hata dola moja bila karatasi yenye sahihi. Ninajua kwamba wenye nyumba wengi hukataa kuandika risiti kwa sababu jimbo hutoza ushuru kwa mapato ya kupangisha, nao wasingependa yajulikane yote. Lakini huo ni ugomvi wao na jimbo, wewe usiubebe.

Sasa swali la pili, ambalo ni gumu zaidi. Umesema ulianza kwa dola 120 na sasa ni 200, na ukihesabu kwa dola utaona kwamba kodi haijafika hata mara mbili. Hesabu kwa faranga. Mwaka 2015 dola moja ilibadilishwa kwa faranga zipatazo 920, hivyo kodi yako ilikuwa kama faranga 110,000. Mwaka 2024 dola ilikaribia faranga 2,800, na dola 200 zikawa faranga 560,000. Kwa mtu anayepokea faranga, kodi imepanda mara tano bila nyumba kuongezewa hata bati moja, na hata baada ya faranga kupata nguvu kiasi mwishoni mwa 2025, pengo hilo halikufungwa. Mwenye nyumba anaona kwamba amepandisha taratibu, wewe unaona kwamba ardhi inakukimbia miguuni, na nyote wawili mnasema kweli.

Mgeni anaingia hapa hapa. Mhandisi anayeletwa na kampuni ya mgodi halipii nyumba kutoka mfukoni mwake. Analipiwa na kampuni, na katika vitabu vya kampuni kodi ya nyumba ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na mashine, umeme na malori. Kwa hiyo kampuni haibishani sana juu ya bei. Inachotaka ni ukuta mrefu, kisima, jenereta na barabara ya kufika mgodini, na inalipa mwaka mzima kabla ya kuingia. Mwenye nyumba ambaye kila tarehe 5 alikuwa akigonga mlango wa mpangaji na kusikiliza habari za mshahara uliochelewa, ukimwonyesha fedha za miezi kumi na miwili mezani, atachagua nini?

Jambo hilo lilianza zamani kidogo. Baada ya Kanuni ya Madini ya Julai 2002 kufungua milango, kampuni za nje ziliingia Katanga kwa wingi, na nyumba za Golf zikawa za kwanza kupandishwa bei. Familia za watumishi wa serikali, madaktari na wafanyabiashara wa kati waliokuwa huko wakashuka Makutano, Kalubwe na Bel-Air. Waliokuwa Bel-Air wakasogea pembeni zaidi. Leo ukienda katika komuni ya Annexe, ile inayouzunguka mji kama pete, utakutana na watu wanaoamka saa kumi usiku ili wawahi basi la kwenda katikati ya mji, na wengi wao hawakuwahi kumwona huyo mgeni aliyechukua nyumba ya kwanza. Walisukumwa na aliyesukumwa. Ndiyo maana sipendi jibu la haraka linalosema kwamba wageni wanakaa Golf tu na kwa hiyo hawamgusi mtu wa kawaida wa Katuba.

Hata hivyo siwezi kumwachia mwenye nyumba aondoke bila lawama. Wageni wengi mjini hapa si wamiliki, ni wapangaji wakubwa. Fedha wanazolipa huingia mikononi mwa Wakongomani wenye nyumba, na ni Wakongomani hao wanaoamua nani abaki na nani aondoke. Tena wanasahau haraka. Mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani mwezi wa Julai hadi karibu 3,000 mwezi wa Desemba. Waliokuwa na tanuru ndogo za kuyeyushia madini walifunga wakapanda ndege, wengine bila kuaga wala kulipa vibarua. Nakumbuka mabango ya kupangisha yaliyoning'inia kwenye mageti ya Golf miezi mingi, na wenye nyumba waliowatafuta tena wapangaji wao wa zamani kwa sauti ya upole. Mwambie mwenye nyumba wako habari hiyo, kama anaweza kusikiliza. Mpangaji aliyelipa miaka kumi ana thamani ambayo bei ya shaba haiwezi kuifuta.

*Baba yetu alifariki mwaka 2019 akatuachia parseli Makutano, yenye nyumba kubwa ya wakati wa wakoloni. Tuko watoto sita, na mama yetu bado anaishi humo. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, ametuletea mgeni mwenye kampuni ya usafirishaji, naye anataka kununua kwa bei ambayo hatujawahi kuisikia. Komisioneri anasema kwamba kwa kuwa sheria haimpi mgeni hati ya kudumu, hati ibaki kwa jina la kaka yetu mkubwa, halafu sisi na mgeni tuandikiane karatasi ya pembeni. Kaka amekubali. Mimi naogopa. — Binti wa tatu, Makutano*

Dada, hofu yako ina macho kuliko ujasiri wa kaka yako. Naomba uisome sehemu hii mbele yake.

Komisioneri amesema jambo moja la kweli. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo imerekebishwa baadaye lakini msingi wake ni ule ule, udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali peke yake, na sisi sote tunapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo ina sura mbili. Konsesioni ya kudumu, isiyo na mwisho maadamu masharti yake yanatimizwa, hupewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo, na hata kampuni ya Wakongomani haiwezi kuipata. Konsesioni ya kawaida ndiyo inayofunguliwa kwa wageni na kwa kampuni, nayo ina muda, kwa kawaida usiozidi miaka 25, unaoweza kurudiwa. Mgeni wenu basi si kwamba amefungiwa mlango. Anao mlango wake, halali kabisa, wa konsesioni ya kawaida kwa jina lake au la kampuni yake. Akikataa kuupitia na kutaka ule wa uani, jiulizeni kwa nini.

Karatasi ya pembeni haimlindi mtu yeyote. Mbele ya msajili wa hati za ardhi, mwenye haki ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye cheti cha usajili, na cheti hicho kikishapita miaka miwili bila kupingwa mahakamani huwa vigumu mno kukitikisa. Kaka yenu akiandikwa peke yake leo, baada ya miaka miwili ninyi watano mtakuwa mmejitoa wenyewe. Kesho akifariki, watoto wake watasema nyumba ni ya baba yao. Mgeni atakuja na karatasi yake, nanyi mtakuja na machozi, na mahakama itaanza kwa kuuliza kwa nini nyote mlikubaliana kuizunguka sheria. Nimewahi kukaa katika kikao cha ukoo mmoja ambako jambo kama hilo lilikuwa limetokea. Ndugu wawili walioshiriki kuzika baba mmoja walikuwa hawasalimiani, na fedha za mgeni zilikuwa zimekwisha siku nyingi kwenye gari moja na harusi mbili.

Kisha kuna mama yenu, ambaye katika barua yako umemtaja kwa kupita tu. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kuitumia nyumba waliyoishi na marehemu. Nyumba hiyo haiuzwi juu ya kichwa chake, na wala haiuzwi bila ridhaa ya warithi wote, iandikwe na isainiwe na kila mmoja. Kaka mkubwa anaongoza mazungumzo, hamiliki peke yake.

Ukiniuliza mimi, nitakushauri msiuze. Mpangisheni huyo mgeni sehemu ya parseli, au jengeni upande wa nyuma mpangishe huko, kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitatu au mitano uliopitishwa kwenye ofisi ya makazi ya komuni. Kama ataitumia kwa ofisi au kwa ghala, mfahamu kwamba upangaji wa biashara unasimamiwa na sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012, nazo humlinda mpangaji mfanyabiashara kuliko mnavyodhani, kwa hiyo mtafuteni mwanasheria kabla ya kusaini. Bei anayoitaja ni kubwa, nakubali. Lakini mkigawana kwa sita na kumwekea mama fungu lake, jaribuni kutafuta parseli nyingine Makutano kwa kila fungu. Hamtaipata. Mtaipata mbali, Annexe huko, kwenye barabara isiyopitika wakati wa mvua.

*Nimekaa Ubelgiji miaka 22 na nilichukua uraia wa hapa. Nataka kununua nyumba Lubumbashi kwa ajili ya uzee wangu. Ndugu zangu wananiambia kwamba mimi si mgeni, ninunue tu. — Msomaji, Brussels*

Papa, kwa damu si mgeni, kwa sheria umekuwa mgeni. Ibara ya 10 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine wowote, na kwa hiyo ulipoupokea wa Ubelgiji kwa hiari yako ulikuwa umeuacha huu. Konsesioni ya kudumu haikufikii kwa sasa. Una njia mbili zilizo wazi: uchukue konsesioni ya kawaida kwa jina lako, au urudishe uraia wako kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya Novemba 2004, ukijua kwamba utalazimika kuuacha ule mwingine. Njia ya tatu, ya kununua kwa jina la mdogo wako, nimekwisha kuieleza hapo juu kwa dada wa Makutano, na tofauti ni kwamba wewe uko mbali zaidi na hutaona matofali yakipandishwa.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Fedha za Wakongomani walioko nje nazo huja kwa euro na dola, na nyumba nyingi zinazojengwa kwa fedha hizo hukaa na mlinzi mmoja na mbwa, zikimsubiri mwenyewe aje mwezi mmoja kwa mwaka. Mtu wa Kampemba anayetafuta vyumba viwili haoni tofauti kati ya nyumba hiyo na ya kampuni. Ukijenga, ipangishe.

*Mimi ni mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nimesoma kwamba Kanada imewakataza wageni kununua nyumba. Kwa nini sisi tusifanye hivyo? — Mwanafunzi, Kasapa*

Swali lako ni zuri kwa sababu linatutoa kwenye malalamiko na kutupeleka kwenye hatua. Ni kweli kwamba Kanada ilianza kuwazuia wasio raia wala wakazi wa kudumu kununua nyumba za makazi kuanzia tarehe 1 Januari 2023, kwanza kwa miaka miwili, kisha marufuku ikaongezwa hadi mwanzoni mwa 2027. Kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 2016, jimbo lao la British Columbia lilikuwa limewatoza wanunuzi wa kigeni katika eneo la Vancouver ushuru wa 15%. Singapore haikukataza, ila tangu Aprili 2023 mgeni anayenunua nyumba ya kuishi analipa ushuru wa ziada wa 60%. New Zealand ilifunga mlango mwaka 2018 kwa sehemu kubwa ya nyumba zilizokwisha kujengwa.

Je, walikuwa na sababu? Utafiti wa Filipa Sá, mchumi wa King's College London, uliangalia nyumba za Uingereza na Wales zilizonunuliwa na kampuni zilizosajiliwa ng'ambo. Alikadiria kwamba bila uwekezaji huo wa nje, bei ya wastani ya nyumba mwaka 2014 ingekuwa pungufu kwa takriban 19%. Kinachonivutia zaidi ni kwamba athari haikuishia kwenye majumba ya kifahari ya London, bali ilishuka hadi kwenye nyumba za bei ya chini, na hakuona dalili kwamba fedha hizo zilileta nyumba zaidi. Ni ule msukumano wa Golf hadi Annexe, umepimwa kwa vipimo vya watu wengine.

Lakini tazama tofauti, maana dawa ya mgonjwa mmoja si ya kila mgonjwa. Vancouver na London tatizo ni ununuzi: mgeni anamiliki. Hapa kwetu umiliki wa kudumu alikwisha kunyimwa tangu 1973. Kwa maandishi tuko wakali kuliko Kanada, na hata kuliko Kenya, ambako Katiba ya 2010 inamruhusu mgeni kukodi ardhi hadi miaka 99. Tanzania nayo ni kali, kwani Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mgeni ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Kama sheria kali ingetosha, mwalimu wa Bel-Air asingetuandikia. Msukumo wa hapa unatoka kwenye upangishaji wa dola na kwenye majina ya kuazima, na mambo hayo mawili hayagusiki kwa marufuku ya kununua. Tena kumfukuza mhandisi wa Kichina au wa Afrika Kusini hakutamjengea mtu wa Katuba chumba hata kimoja.

Nyumba zilijengwaje basi, siku zilipojengwa? Kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines, iliwajengea wafanyakazi wake kambi, ikawapa maji na hospitali, pamoja na unga wa kila mwezi. Sisifu wakati ule, kwa sababu nyumba ilikuwa mnyororo vile vile: ukifukuzwa kazi unafukuzwa na kitandani. Lakini kampuni iliyochimba ilibeba mzigo wa kumlaza mchimbaji. Gécamines ilipoporomoka, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka mwaka 2003 katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, mzigo ule haukuchukuliwa na mtu. Kampuni mpya zinachimba shaba ile ile na huwatafutia nyumba maofisa wao. Kibarua wao anajitafutia mwenyewe.

Kuna mfano mwingine ambao watu wa Katuba wanaujua kwa wazee wao. Katika miaka ya 1950 utawala wa mji ulikuwa na utaratibu uliojulikana kwa jina la ofisa aliyeuanzisha, Grévisse: mkazi alipewa kiwanja, akakopeshwa vifaa vya ujenzi, akaelekezwa na fundi, kisha akajijengea mwenyewe na kulipa deni kidogo kidogo. Ulikuwa utaratibu wa kikoloni, wenye masharti ya kikoloni na mistari yake ya ubaguzi kati ya mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika. Hata hivyo, nyumba nyingi za matofali zinazosimama Katuba leo ni matunda yake. Sikumbuki mpango wowote wa umma wa baadaye uliomfikia mtu wa kipato cha chini kwa wingi namna ile.

Linganisha na miradi ya leo. Kiswishi, mji mpya unaopangwa karibu na Lubumbashi kwenye takriban hekta 4,000, unaendelezwa na Rendeavour, kampuni ile ile iliyojenga Tatu City karibu na Nairobi. Sina ugomvi na mradi wenye barabara, mifereji na umeme uliopangwa kabla ya nyumba, kwani mitaa yetu mingi ingefurahi kuzaliwa hivyo. Swali ambalo madiwani na wabunge wa jimbo wangepaswa kuliuliza kabla ya kila kibali ni moja tu: kati ya nyumba hizo, ngapi zitapangishwa kwa bei ambayo muuguzi anaweza kuilipa kwa mshahara wake wa faranga? Kama jibu ni sifuri, iandikwe sifuri kwenye karatasi ya kibali, tuione.

Mimi ningeanza na mambo matatu kabla ya kuiga Kanada. Ofisi za makazi za komuni zisimamie kweli ile miezi mitatu ya garanti, kwa kumwita mwenye nyumba mmoja mmoja na si kwa kubandika tangazo. Ushuru wa mapato ya kupangisha utozwe kwa nyumba za dola nyingi kwanza, na fedha zake zionekane kwenye viwanja vyenye maji huko Annexe. Na kampuni inayopewa haki ya kuchimba ionyeshe, ndani ya mkataba wake na jamii inayoizunguka, wafanyakazi wake wa chini watalala wapi. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni orodha ya ahadi kwa jamii za jirani, inayojaa shule na zahanati. Sioni kwa nini nyumba zisiingie.

*Komisioneri ananidai fedha kila anaponionyesha nyumba, hata nisipoichukua, na mwisho anataka kodi ya mwezi mzima. Nimekwisha kuonyeshwa nyumba nane, na tatu kati yake nilikuta zimekwisha kuchukuliwa na kampuni. Je, nilipe? — Mama wa watoto wanne, Ruashi*

Mama, kodi ya mwezi mmoja baada ya kupata nyumba ni desturi iliyozoeleka, ingawa mjini hapa hata desturi hupunguzwa ukisimama imara. Fedha ya kuonyeshwa ni mapatano kati yenu. Ukishakubali kutoa ya nyumba ya kwanza, umejifunga kwa zote, kwa hiyo mwambie mapema kwamba utalipa nauli yake tu. Kwa zile tatu zilizokwisha kuchukuliwa usilipe chochote, na kama ulikwisha kulipa, mdai azikate kwenye malipo ya mwisho. Kabla ya kutoka naye tena, mtake ampigie mwenye nyumba simu mbele yako na umsikie mwenyewe akisema nyumba iko wazi, bei ni kiasi gani, na garanti ni ya miezi mingapi. Akitaja zaidi ya mitatu, mpe gazeti hili.